Kabla hujamwaga hilo zege la Jumamosi, mkuu

Mkuu, simamisha hiyo mixa. Umeuliza kuhusu uwanja wa mpira wa kikapu wa nyumbani: rangi gani, goli gani, vigae vya plastiki au zege tupu, taa za usiku, na wavu wa kuzuia mpira usiende kwa jirani. Halafu katikati ukapenyeza kimyakimya kwamba kiwanja chako Goba kina mteremko, fundi amekata udongo upande wa juu akajazia sentimita 60 upande wa chini, na kwamba "mvua zitashindilia zenyewe". Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Mvua haishindilii. Mvua inashusha. Hiyo kauli niliuziwa na mimi, na aliyeniuzia alikuwa na pima maji mpya kabisa mkononi na uso wa mtu aliyejenga Kariakoo yote.

Sikia kinachotokea. Nusu ya jamvi lako, yaani sakafu ya zege ya uwanja, itakaa kwenye udongo asilia ambao haujaguswa, nusu nyingine itakaa juu ya godoro. Kifusi kikilowa, ile hewa ya katikati ya madonge inatoka na udongo unashuka. Ukishuka asilimia 5 tu, kwenye sentimita 60 hizo ni sentimita 3. Zege la inchi 4 halipindi kufuata, linavunjika, na linavunjikia palepale mkato unapokutana na kujaza. Kwenye uwanja wangu ufa ulipita sambamba na mstari wa mitupo huru, umenyooka hadi mgeni mmoja akadhani ni alama ya uwanja. Sikumsahihisha.

Na usijidanganye kwamba nondo zitakuokoa. Wavu wa BRC, yaani vyuma vyembamba vilivyochomelewa miraba, unashikilia ufa usipanuke, haubebi jamvi lililoning'inia hewani. Kuziba ufa kwa saruji nako ni kupaka wanja jicho bovu, upande mmoja bado unashuka. Dawa ni kubomoa. Uwanja wa mita 10 kwa 9, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 9 za zege, yaani zaidi ya tani 21 za kutoa nje. Lori lisipopita getini kwako, hesabu matoroli mwenyewe. Mimi nilihesabu, nikaacha.

Kwa hiyo fanya hivi, tena ukiwa umesimama pale pale saiti. Toa kifusi chote kilichojazwa. Toa na udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 hadi 20. Kama kuna shimo la choo la zamani lililofukiwa hapo chini, uliza sasa, usisubiri likwambie lenyewe. Upande wa mteremko chimba ngazi kwenye udongo asilia, usijazie juu ya ubavu wa kilima uliolala, maana utateleza. Kisha rudisha moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka la sentimita 15, SIO zaidi. Inyunyizie maji: ukifinya donge kiganjani lishikane, ukiliangusha livunjike. Likichuruzika umezidisha, likimwagika kama unga hujafika. Pitisha kompakta ya sahani, ile mashine ya kushindilia, mara nne hadi sita, huku na kukatisha, ndipo ulete tabaka jingine. Sentimita 60 ni matabaka manne na zaidi, maana kila moja linapungua likishindiliwa. Fundi akikwambia gogo la mkono linatosha, mpe yeye alishindilie, uone kama hatabadili mawazo kabla ya saa nne asubuhi.

Kipimo changu ni toroli. Lijaze kokoto, lisukume juu ya tabaka. Gurudumu likiacha mtaro, rudia. Usimwage zege juu ya kitu ambacho toroli linakizamia. Hata kama kokoto zimeshafika, hata kama vibarua wameshalipwa, hata kama watoto wanalia.

Ukuta unaozuia ule ujazo uachie vitundu vya kutolea maji, la sivyo masika ya kwanza maji yatausukuma uende kwa jirani kabla hata ya mpira.

Mteremko wa jamvi lenyewe ni asilimia 1, upande mmoja tu, kuikimbia nyumba. Kwa mita 10 ni sentimita 10. Pimeni kwa bomba la plastiki lenye maji na kamba, msipime kwa macho. Nailoni chini, wavu wa BRC A142 juu ya biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuuinua. Wasikwambie watauinua kwa ndoano wakati wa kumwaga, wavu utabaki chini. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) weka mifuko 60 ya saruji, na upimwe kwa boksi, sio kwa koleo. Asubuhi yake kata jamvi kwa grenda, kina milimita 25, vipande vya mita 2.5 kwa 3. Usikubali niru, yaani kulainisha juu kwa uji wa saruji! Niru ikilowa ni barafu. Piga fagio. Mwagilia siku 7.

Goli: ringi mita 3.05, ubao 1.80 kwa 1.05. Msingi wa nguzo uchimbwe mita 1.2 kwenda chini na bolti zimwagwe KABLA ya jamvi, tena utenganishwe nalo kwa kipande cha sponji gumu (foam), maana nguzo inatikisika kila mtu akidanki. Rangi usiiguse kabla ya siku 28, na isiwe ya mafuta. Vigae vya plastiki vinafuata umbo la kilicho chini yake, kwa hiyo jamvi likizama navyo vitazama vikiwa na rangi nzuri.

Kesho nenda na ndoo mbili za maji, mwaga pale palipojazwa, ngoja hadi jioni, kisha pitisha toroli. Piga picha ya mtaro uitume hapa. Na mwenye mixa mpigie leo leo, kabla hajaanza kudai hela ya mafuta.