Rafiki yangu Mmasai wa Loliondo anafatiliwa, nimposti?

SWALI: Anti habari za kazi. Mi niko Mwanza, nilisoma chuo na jamaa wa Loliondo, siku hizi yuko na wazee wa kwao kwenye haya mambo ya ardhi na anasema anapigiwa simu na watu asiowajua wanamuuliza yuko wapi. Nataka nirushe picha zake watu wajue, wife ananiambia ntamponza. Nifanyeje?

JIBU: Wife amesema kweli kaka, msikilize. Picha usirushe mpaka mwenyewe akubali, na hata akikubali angalia nyuma yake kasimama nani, maana yule mama wa pembeni hajaombwa ruhusa na kesho ndo anafatwa bomani kwake.

Alafu kelele tunaziweza sana sisi. Juni 2022 askari walipoenda huko Loliondo kuweka bikoni (alama za mpaka) kumega kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamasai ziwe pori tengefu la Pololeti, yani eneo la kuhifadhi wanyamapori, tarehe 10 risasi zikapigwa, askari mmoja akafa kwa mshale, video zikatembea wiki mbili hivi tukahamia kwenye mambo yetu. Kumbe shida ndo ilikuwa inaanza. Watu 24 wakapewa kesi ya mauaji, na wamo madiwani waliokamatwa tarehe 9, yani siku moja kabla askari hajauawa (hesabu hiyo mi imenishinda mpaka leo). Mauaji hayana dhamana, wakakaa mahabusu mpaka Novemba mashtaka yalipofutwa. Miezi yote hiyo nani alikuwa anawalipia wake zao nauli ya kwenda Arusha, nani anachunga ng'ombe, ada za watoto je?

Na majeruhi nao. Hospitali kwa jeraha la risasi wanataka PF3, na PF3 inatolewa polisi, sasa we umepigwa risasi na askari alafu ukaombe fomu kwa askari? Wengi wakavuka mpaka wakatibiwe Kenya.

Kwahiyo ukitaka kumsaidia, mtafute leo umuulize akikamatwa apigiwe nani wa kwanza. Namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi na mke wake awe nayo, simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Hao wanaompigia aandike namba zao na saa walizopiga, apeleke Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), hao ndo kazi yao na mawakili wanao. We usimuulize yuko wapi kwenye meseji, hata kwa nia njema.

Hela kama unayo tuma kidogo kidogo kila mwezi, usimalize yote kwa mkupuo, kesi za huko hazina haraka: ile ya vijiji vya Loliondo dhidi ya serikali kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki ilifunguliwa 2017, ikatupwa Septemba 2022, Novemba 2023 rufaa ikasema isikilizwe upya.