Mstari mwekundu umeshachorwa. Tukatoe maoni gani?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Dar es Salaam. Tumeitwa kwenye mkutano wa wadau kuhusu njia ya treni ya mjini inayopendekezwa kupita kwetu. Ramani imebandikwa ofisini na mstari mwekundu umeshachorwa. Wananchi wananiuliza: kama mstari upo tayari, tunakwenda kusema nini? Kipi kinaweza kubadilika na kipi hakibadiliki?

JIBU: Salama, ndugu mjumbe. Nianze na jambo dogo. Siku hiyo mtapitishiwa karatasi ya mahudhurio. Isainini, ila mjue kwamba ndiyo itakayoambatishwa kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, iwe ushahidi kwamba mlishirikishwa. Mliyoyasema yasipoingia kwenye muhtasari, kinachobaki ni sahihi zenu tu. Kwa hiyo nendeni na barua ya mtaa, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa mstari. Swali la kwanza kuuliza ni mradi uko hatua gani. Ukiwa kwenye upembuzi yakinifu, yaani bado unachunguzwa kama unafaa, mstari huo unaweza kuhamia hata barabara nyingine. Kwenye usanifu wa kina, michoro kamili ya ujenzi inapoandaliwa, unasogea mita chache. Mkandarasi akishasaini mkataba, hata kugeuza ngazi za kituo ni madai ya nyongeza ya fedha, na hapo hamtampata wa kuwasikiliza.

Zipo hoja ambazo hazitafika mbali hata mkiwahi. Treni haikati kona kama daladala; inahitaji mviringo mpana, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo mviringo unavyozidi kutanuka. Kwa hiyo ukiikwepesha nyumba tatu hapa, huenda ukavunja kumi kule mbele. "Ipite chini ya ardhi" nayo inasemeka kirahisi, lakini gharama ya handaki ni mara kadhaa ya reli ya juu ya ardhi. Mkidai kituo kila mtaa mtajibiwa, tena kwa haki, kwamba kila kituo kinaongeza kama dakika moja kwenye safari ya kila abiria.

Nguvu zenu ziwekeni kwenye vivuko. Tazameni Addis Ababa. Treni yao ilianza 2015, njia mbili zenye jumla ya kilomita kama 34, na sehemu kubwa ya reli imelazwa katikati ya barabara na kuzungushiwa uzio. Kwa abiria ni sawa. Kwa mtu aliyezoea kuvuka kwenda sokoni, barabara iligeuka ukuta, na malalamiko ya watembea kwa miguu kuzungushwa mwendo mrefu yalianza mapema. Uzio wenyewe ni lazima kwa usalama. Kinachojadilika ni wapi uachie nafasi, na hilo msanifu aliye ofisini halijui. Ninyi mnalijua.

Mlithibitishe kwa hesabu. Chagueni siku moja ya kazi na siku moja ya gulio. Wekeni vijana wawili kila penye njia ya panya, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha tena jioni. Boksi lililokatwa na kalamu vinatosha: mstari mmoja kwa kila mtu, wanafunzi peke yao, wenye mizigo peke yao, wenye mikokoteni peke yao. Nimewahi kuletewa boksi la namna hiyo kwenye mradi mmoja. Sisi tulikuwa tumechora daraja la juu la ngazi. Boksi likaonyesha kwamba wengi wanaovuka pale ni akina mama wenye ndoo za samaki kichwani. Ngazi zikafutwa, ukawekwa mteremko. Hotuba za mkutano ule sikumbuki hata moja.

La pili ni maji. Semeni masika maji yanafika wapi, na mwonyeshe alama ukutani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na imefurika mara kwa mara. Hakuna mkazi wa pale aliyehitaji mtaalamu wa kumwambia.

La tatu ndilo linalouma: fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea, lakini inamtazama kwanza mwenye haki juu ya ardhi. Mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi cherehani wa barazani na mama lishe mara nyingi huanguka pembeni. Ndiyo maana muulize mkopo ni wa nani. Fedha zikiwa za Benki ya Dunia, masharti yake yanataka hata asiye na hati alipwe jengo lake na asaidiwe kurudisha riziki. Kibera, Nairobi, mwaka 2004 waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka relini waliamriwa waondoke. Walipopinga, ukaandaliwa mpango wa kuwahamisha chini ya fedha hizo, watu wakahesabiwa kibanda kwa kibanda, wapangaji na wafanyabiashara wakiwamo. Ilichukua zaidi ya miaka 10, sikufichi, lakini walijengewa vyumba na vibanda vya biashara palepale karibu na reli.

Basi msimsubiri mthamini, yule anayekuja kukadiria fidia. Fungueni daftari la mtaa leo: jina, anachofanya, yuko hapo tangu lini, na picha yake akiwa mbele ya kibanda. Kuna kitu kinaitwa tarehe ya ukomo. Atakayejenga au kuhamia baada yake hahesabiwi. Iulizeni mkutanoni, kwa sauti, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla hamjasaini ile karatasi.