Jibu: Hema la wageni 150 kwenye ua wa saruji

Salaam, ndugu. Umeuliza ni hema lipi la kukodi litakalowafaa wageni 150 watakaoketi mezani kwenye ua uliosakafiwa. Kabla ya bei, tazama sakafu hiyo, kwa kuwa hema la nguzo za katikati husimama kwa kuvutwa na kamba zilizofungwa kwenye vigingi, nawe huna pa kuvipigilia. Niliwahi kukubali kamba zifungwe kwenye ndoo za maji, na upepo wa alasiri ukaziburuta huku wageni wakiwa na sahani mikononi. Chukua hema la fremu ya chuma, ambalo hujisimamia lenyewe, ila sisitiza kila mguu ufungiwe uzito wa kutosha. La mita 10 kwa 20 litatosha, mradi jukwaa likae nje yake.