Nilivyojibabua uso kwa papai bichi

Ukichemsha nyama ya beberu mzee na kipande cha papai bichi, haikawii kuachia mfupa. Kila mwanamke wa Ujiji anajua hilo. Mimi nimelijua tangu utotoni, na bado usiku mmoja nilichukua kisu, nikalichanja papai la uani likiwa mtini, nikakinga ule utomvu mweupe kwenye kisosi na kuupaka usoni. Akili nilikuwa nimeiweka wapi, sijui.

Mambo yalianza na mimba ya tatu. Madoa ya rangi ya kahawa yalinitoka mashavuni na juu ya mdomo, kushoto na kulia sawasawa, kama mtu aliyejifuta jasho kwa mkono wenye masizi. Mtoto akazaliwa, akaachishwa ziwa, madoa yakabaki. Kazi yangu ni kuanika dagaa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Anayeijua kazi hiyo anajua jua la saa sita linavyokupiga: juu linachoma, mchanga unalirudisha usoni, ziwa nalo linamulika kwa mbele. Na wateja hawana haya. "Mama Zawadi, uso vipi, jiko limekulipukia?"

Jirani yangu sokoni aliniletea kikopo kisicho na jina. Hicho nilikikataa palepale. Mkorogo nimeuona kwa shangazi yangu: uso ulitakata mwaka mmoja, kisha mashavu yakaanza kugeuka meusi ya kibuluu, na vifundo vya vidole havijawahi kufanana na mikono yake tena. Haidrokwinoni, ile kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi iliyomo humo, ikitumika miaka mingi inafanya hivyo, na zebaki, ambayo nayo huchanganywa humo, inakwenda hadi kwenye figo. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na bado vinauzwa.

Basi wifi yangu akaja na lake. "Wifi, achana na makemikali. Hivyo vikrimu vya bei mbaya vimeandikwa papai. Papai si lipo uani?"

Hoja ilininogea. Usiku wa kwanza uso uliwasha, nikasema dawa inafanya kazi. Usiku wa pili ukachonyota. Siku ya tatu niliamka foronya imenigandia shavuni, na nilipoibandua ilitoka na ngozi.

Mtaalamu aliyenitibu ni kijana aliyesomea magonjwa ya ngozi hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kile kituo kinachowafundisha tangu 1992. Aliniangalia, akauliza nilipaka nini, nikamwambia. Hakucheka. Alisema, "Mama, umejipika."

Alinieleza kwa lugha ya jikoni, nami nakupa kama nilivyopewa. Utomvu wa papai una kimeng'enya, yaani kitu cha asili kinachoendesha mabadiliko ndani ya kiumbe, kiitwacho papaini. Kazi yake ni kukatakata protini. Kwenye nyama inakata nyuzi, kwenye uso inakata protini ya ngozi iliyokufa, ile ya juu kabisa inayofanya uso uonekane umefubaa. Nanasi nalo lina cha kwake, bromelaini. Kiwandani hupimwa kiasi kidogo, kikawekwa kwenye unga au krimu ambayo unaipaka dakika chache na kuinawa. Utomvu wa mtini haujapimwa na mtu. Isitoshe, una watu wanaodhurika nao vibaya, hasa wale ambao glavu za mpira zinawawasha. Marekani mwaka 2008 waliziondoa sokoni dawa za vidonda zenye papaini kwa sababu ya madhara hayo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi tunapopotea. Kuna kimeng'enya kingine ambacho wewe mwenyewe unacho. Kinaitwa tairosinasi, kinakaa chini kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na bila hicho rangi haitengenezwi. Papaini haikifikii. Inapangusa sakafu wakati bomba bado linavuja. Ngozi ya juu ikishapanguswa, baada ya wiki nne hivi ngozi mpya inapanda kutoka chini, na rangi yake inapanda nayo. Ndiyo maana uso wa mtu wa krimu ya papai unang'aa siku mbili tatu, madoa yakabaki palepale. Na ukiichubua ngozi nyeusi ikaumia, chembe zile hukasirika na kumwaga rangi zaidi. Doa langu la kuungua lilikuwa jeusi kuliko lile nililokuwa nalifukuza!

Kipo kimeng'enya kingine cha ajabu kidogo, kinachotokana na kuvu anayeozesha magogo. Kinavunja kile kitu kinachoupa mti ugumu wake, na wataalamu wakagundua kwamba rangi ya ngozi nayo kinaivunja, wakakitia kwenye krimu. Kigoma sijakiona dukani, wala sikitafuti.

Nilichopewa mimi ni krimu ya asidi ya azelaiki, ambayo inakituliza tairosinasi taratibu, na hata mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Nilipaka miezi minne kabla sijaona tofauti. Aliniuliza pia uzazi wa mpango natumia njia gani. Nikamwambia vidonge vya majira. Akasema homoni zake zinaweza kuyachochea madoa haya kama mimba inavyofanya, niongee na nesi kuhusu njia nyingine, nisiache tu kienyeji. Hilo peke yake lilistahili nauli.

Kama bado unaitaka krimu ya papai ya dukani, sikukatazi, mimi mwenyewe nimeirudia. Ijaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku mbili. Mara moja kwa wiki inatosha, usiku, si asubuhi ya kwenda juani. Ile ya unga koroga na maji ya kawaida, kwa sababu maji yanayochemka yanaua kimeng'enya na utakuwa unapaka uji tu. Usichanganye na skrabu wala sabuni za kung'arisha. Na ukisikia inachonyota, nawa, usijipe moyo kama nilivyojipa.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni mafuta ya kukinga jua, yale yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa rangi hiyo ni oksidi ya chuma na inazuia hata mwanga wa kawaida, ambao nao unayakoleza madoa haya. Nayapaka kabla ya kutoka na nayarudia saa sita. Pamoja na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, hata kukiwa na mawingu.

Doa la kuungua bado lipo, limebaki ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Wateja siku hizi hawaniulizi uso. Wananiuliza kofia nimenunua wapi. Ni soko la Mwanga, na ukienda asubuhi wanapunguza bei.