Majini Katika Somo la Baiolojia

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha Baiolojia. Juzi niliandaa muhtasari wa somo la urithi, kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini ya kila "jeni". Nikachoka, nikabofya "badilisha zote". Darasani mwanafunzi akasoma kwa sauti: "Mtoto hurithi jini moja kutoka kwa mama na jini moja kutoka kwa baba." Wanafunzi walivunjika mbavu, jioni mzazi mmoja akanipigia simu. Hiki kikagua tahajia kinatumia akili gani?
Mwalimu Niliyeaibika

JIBU: Pole, Mwalimu, ingawa nakiri nimecheka kwanza. Nami niliwahi kuhariri kijitabu cha maabara ambamo "plazima ya damu" ilitoka "lazima ya damu", na "ioni za sodiamu" zikawa "sioni za sodiamu". Hilo la pili lilikuwa na ukweli wake. Nani amewahi kuiona ioni kwa macho?

Akili yenyewe ni ya kuhesabu herufi. Programu ina orodha ya maneno, na neno lisilokuwamo ni kosa hata likiandikwa na profesa. Kisha hutafuta jirani wa karibu. Mwaka 1964 Mmarekani Frederick Damerau alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne: herufi moja imezidi, imepungua, imekosewa, au mbili zinazofuatana zimepishana. Kwa kipimo hicho, kutoka jeni hadi jini ni hatua moja tu. Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kidole kilichoteleza. Hakikutarajia kukutana na mtu anayejua neno ambalo chenyewe hakilijui.

Kiswahili nacho kinakiongezea mzigo. Nani ataorodhesha "hazijatenganishwa" na ndugu zake wote? Ndiyo maana Hunspell, programu ya kukagua tahajia iliyoundwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine yenye viambishi vingi, huhifadhi mizizi pamoja na kanuni za kuiambika. Lakini mzizi wa kitaalamu ukikosekana, ukoo mzima unapigwa mstari.

Usidhani wenye Kiingereza wamesalimika. Nyaraka za Umoja wa Ulaya ziliwahi kutoka na Cupertino, mji wa California, mahali palipotakiwa neno "cooperation" (ushirikiano), kwa kuwa kamusi ya programu ililijua neno hilo likiwa na kistari tu, "co-operation". Wanajenetiki ndio walionyoosha mikono kabisa. Excel (si kikagua tahajia, lakini ni binamu yake) ilikuwa ikiigeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatoa miongozo mipya, na jeni hiyo sasa inaitwa SEPTIN2. Yaani jeni imebadilishwa jina ili programu ya hesabu isikosee!

Kinachonitisha zaidi ni ukimya wa kikagua tahajia. Andika "muuguzi alipika mkojo wa mgonjwa" badala ya "alipima", hutaona mstari wowote. Kupika ni neno halali.

Sasa la kufanya: zima usahihishaji wa moja kwa moja, usiiguse tena "badilisha zote", na uingize istilahi zako katika kamusi yako binafsi ndani ya programu. Hapo kwenye kuingiza, soma herufi kwa herufi. Mimi niliwahi kuingiza "hemogobini", bila l, nikiwa na usingizi. Tangu siku hiyo, kila nilipoandika "hemoglobini" sawasawa ilinipigia mstari na kunishauri niiondoe l. Nami, kwa miezi miwili, nilikuwa naitii.