Barabara Tulivu za Milimani: Ushauri kwa Msafiri wa Baiskeli

Anayetafuta barabara isiyo na magari milimani hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kuipenda: kwa nini magari yameiacha? Katika safari zangu nimeona kwamba jibu la swali hilo hunieleza mengi zaidi kuhusu siku inayonisubiri kuliko idadi ya kilomita, kwa sababu barabara tulivu na barabara rahisi ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi utulivu hulipiwa kwa miguu.

Barabara ninazozipenda kuliko zote ni zile za zamani ambazo zimepata mrithi. Handaki la magari la Gotthard nchini Uswisi, lenye urefu wa kilomita 16.9, lilipofunguliwa mwaka 1980, magari mengi yaliyokuwa yakivuka mlima kwa juu yalihamia chini ya ardhi, na upande wa kusini wa kipito hicho barabara ya kale ya Tremola, iliyotandazwa mawe na kujikunja kona baada ya kona, imebaki kwa watu wasio na haraka. Barabara za aina hii zina fadhila nyingine: nyingi zilijengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi, na wahandisi wake walijua kwamba mnyama mwenye mzigo hawezi kupandishwa ukuta. Ile ya Stelvio nchini Italia, iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, hupanda takriban mita 1,800 kutoka Prato kwa kona 48, na bado wastani wa mwinuko wake haufiki asilimia 8, yaani mita 8 za kupanda kwa kila mita 100 za njia. (Stelvio yenyewe haina utulivu wowote wakati wa kiangazi, naitaja kwa ajili ya ujenzi wake tu.)

Kundi la pili ni barabara zilizofunguliwa baadaye kwa ajili ya mashamba, mabwawa na misitu, wakati injini ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya farasi. Aliyezichonga hakuwa na sababu ya kuuonea huruma mguu wa mtu yeyote, kwa hiyo hupanda moja kwa moja, zikifika asilimia 12 au 15 bila kuomba radhi, na nyingine huishia kwenye lango lililofungwa. Ninapoona kwenye ramani mistari miwili myembamba inayoelekea mahali pamoja, huchagua ule unaojikunja, hata kama ni mrefu zaidi kwa kilomita kadhaa, na sijapata kuujutia.

Wastani wa mwinuko usikudanganye. Chukua mpando wa kilomita 10 ambao mwisho wake uko mita 500 juu ya mwanzo wake: wastani ni asilimia 5, nao unasikika kama jambo la kawaida. Lakini ikiwa ndani yake zimo kilomita 2 za kuteremka kwa asilimia 5, basi kilomita 8 zilizobaki zinapaswa kupanda mita 600, yaani asilimia 7.5, na hapo ndipo siku inapobadilika sura. Ndiyo maana ninaisoma mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo cha ardhi kwenye ramani, kilomita baada ya kilomita badala ya kuridhika na namba moja. Barabara zinazopita ubavuni mwa bonde, ambazo kwa mbali huonekana tambarare, hunihangaisha kuliko mpando mrefu ulio wazi, kwani kila kijito hukushusha na kukupandisha tena.

Kwa sababu hiyo niliacha kupanga safari kwa kilomita. Nikiwa na mizigo, hupanda takriban mita 400 kwa saa, na siku yenye kilomita 80 na mita 2,000 za kupanda huanza kwangu na saa tano za mpando kabla sijahesabu kitu kingine. Kila msafiri na apime kasi yake kwenye kilima cha nyumbani, akiwa amebeba mizigo ile ile atakayosafiri nayo, kwa kuwa kipimo kilichochukuliwa kwenye baiskeli tupu hakina maana. Uzito haufichiki mlimani: kilo 10 zikiongezwa kwenye jumla ya kilo 90 za mtu, baiskeli na mifuko huongeza kazi ya kupanda kwa takriban sehemu moja ya tisa.

Kuhusu gia nina msimamo usioyumba: baiskeli nyingi huuzwa zikiwa na gia nzito mno kwa msafiri mwenye mizigo. Gia ya mbele yenye meno 34 ikiunganishwa na ya nyuma yenye meno 28, kila mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli karibu mita 2.5, na kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa utazungusha pedali mara 40 hivi kwa dakika, jambo ambalo magoti hayatalivumilia kwa saa nyingi. Badilisha ziwe meno 30 mbele na 34 nyuma, na kwa mwendo ule ule utazungusha mara 54 hivi, ambao ni mwendo wa kufika. Wapo wanaoona gia nyepesi kuwa ni udhaifu, na fikra hiyo ni ya zamani: mashindano ya Tour de France yalikataa vibadilisha gia hadi mwaka 1937, ilhali Paul de Vivie, mwendesha baiskeli wa Saint-Étienne aliyefariki mwaka 1930, alikuwa amezitetea gia nyingi kwa miaka mingi kwa ajili ya watu wanaosafiri. Mimi niko upande wake bila kusita.

Utulivu wa barabara una hatari yake pia. Dereva anayeipita kila siku bila kukutana na mtu huzoea kukata kona kwa kupita upande usio wake, na lori la magogo linaloshuka halina nafasi ya kukukwepa. Kwenye kona isiyoonekana mbele hubaki upande wangu na kutega sikio, ingawa sehemu ya ndani ya kona ndiyo yenye mwinuko mkali zaidi na miguu hutamani kutanuka kwenda nje. Hutanuka pale tu ninapoona barabara yote. Mifugo nayo hulala kwenye lami asubuhi, na changarawe hukusanyika konani baada ya mvua. Taa ya mbele na ya nyuma ni za lazima hata mchana, kwa ajili ya mahandaki mafupi yasiyo na mwanga.

Hali ya hewa inahitaji hesabu ndogo. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo bonde lenye nyuzi 24 linaweza kukupa nyuzi 11 ukiwa mita 2,000 juu yake, nawe umelowa jasho na uko karibu kushuka dhidi ya upepo. Fulana kavu na koti la kuzuia upepo huvaliwa kileleni kabla mwili haujapoa, wala si baada ya kuanza kutetemeka. Kiangazi, ngurumo za radi huja zaidi alasiri, na hii ni sababu tosha ya kuanza kupanda alfajiri, tena magari machache yaliyopo huwa bado hayajaamka.

Mteremko ndio sehemu ambayo wengi hawaiandai kabisa. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 100 wakishuka mita 1,000 huachia nishati ya takriban kilojuli 980, nayo lazima iende ama kwenye hewa ama kwenye breki. Ukishikilia breki kidogo kidogo njia nzima, karibu yote huishia kwenye breki: rimu, ule ukingo wa gurudumu unaobanwa na breki za kawaida, huweza kupata moto hadi tyubu ikapasuka, na mafuta ya breki za diski huweza kuchemka, ukabaki na mkono unaobana bila kitu kushika. Mimi huiachia baiskeli iende pale barabara iliponyooka na kuwa safi, kisha hubana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, na kuziachia tena. Pale ambapo mwinuko ni mkali na njia mbovu kiasi kwamba haiwezekani kuachia, husimama kila baada ya dakika chache ili chuma kipoe. Pedi za breki hukaguliwa jioni ya kila siku yenye mteremko mrefu, na jozi ya akiba hukaa mfukoni daima, maana kwenye barabara ambayo magari yameiacha, fundi naye aliondoka nayo.