Usiitupe programu yako ya zamani kabla hujajua ni ya biti ngapi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: "Kaka, nimenunua kompyuta mpya yenye Windows 11. Programu yangu ya stoo haifunguki. Fundi kaniambia haiwezekani, ninunue nyingine. Ni kweli?" Nilipofika kwenye hilo "haiwezekani" damu ilinichemka. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na aliyeniambia hakuwa hata ameifungua folda ya programu yenyewe.

Nakuelewa, ndugu yangu. Hutaki makuu. Unataka skrini uliyoizoea, vitufe unavyovibonyeza bila kuangalia, na rekodi zako zote zikiwa ndani. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi tumehama si kwa kupenda.

Yangu ilikuwa programu ya wateja na madeni, iliyoandikwa kwa Visual Basic 5, lugha ya zamani ya kuandikia programu, na aliyeiandika hapatikani tena. Niliweka CD kwenye kompyuta mpya, nikabofya faili ya kusakinisha, ukatokea ujumbe kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yangu. Fundi akausoma ujumbe, akatikisa kichwa, akaanza kunitajia bei za programu mpya. Sikumjibu kitu, lakini mpaka leo nikikumbuka linaniuma, maana mle ndani kulikuwa na kazi yangu ya miaka.

Kumbe kilichogoma ni kisakinishi, ile faili ya kuiweka programu kwenye kompyuta. Programu yenyewe ilikuwa nzima.

Iko hivi. Biti 16, 32 au 64 ni ukubwa wa kipande cha data ambacho programu imeandikwa kukishughulikia kwa mara moja. Miaka ya 1990 programu nyingi za biti 32 zilifungwa ndani ya kisakinishi cha biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na uwezo wa kuendesha vyote viwili. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ndiyo maana kitu kilichokubali jana kwenye kompyuta ya zamani leo kinakataa, na CD haina kosa lolote.

Utajuaje yako ni ipi? Chukua nakala ya faili ya exe, ile inayoanzisha programu, ifungue kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, usishtuke. Mwanzoni kabisa kuna MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni muundo wa faili hizo. Shuka kidogo, mara nyingi utakuta sentensi ya Kiingereza kwamba programu haiwezi kuendeshwa kwenye DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kisha herufi mbili. Zikiwa NE, hiyo ni programu ya Windows ya biti 16. Zikiwa PE na mbele yake kuna L, ni biti 32, shangilia. Usipoona NE wala PE, basi huenda ni ya DOS.

Kisakinishi changu kilikuwa NE. Nikawasha kompyuta ya zamani, nikafungua faili ya programu iliyokuwa imeshasakinishwa humo: PE, halafu L. Nilijua papo hapo kwamba nimeshinda.

Nilichofanya ni kunakili folda nzima kwenda kompyuta mpya. Niliiweka moja kwa moja kwenye diski ya C, nje ya folda ya Program Files, na hapo nasisitiza. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows huihamishia maandishi yake kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ya mtumiaji yule tu. Akiingia mtumiaji mwingine anakuta rekodi za leo hazimo. Watu wamelia kwamba data imepotea, kumbe imekaa pale.

Nilipoifungua ikadai MSVBVM50.DLL, faili saidizi ambayo programu za Visual Basic 5 hazifunguki bila hiyo. Windows bado inakuja na faili ya aina hiyo ya Visual Basic 6, ila ya 5 haimo. Nikaitoa kwenye folda ya System32 ya kompyuta ya zamani nikaiweka kwenye SysWOW64 ya mpya. Ndiyo, majina yanachanganya: kwenye Windows ya biti 64, SysWOW64 ndiyo yenye mafaili ya biti 32. Ikadai faili saidizi nyingine, COMDLG32.OCX, hiyo nayo nikaihamisha, nikaisajili kwa amri ya Windows iitwayo regsvr32 nikiwa msimamizi. Ikafunguka. Majina yote ya wateja yakajipanga kama nilivyoyaacha. Tafadhali usipakue mafaili haya kwenye tovuti usizozijua, hapo ndipo virusi vinapoingilia. Yatoe kwenye kompyuta yako ya zamani.

Wengi watakwambia ubofye kulia, uingie kwenye sifa za faili, uchague upatanifu (compatibility) wa Windows XP. Jaribu, inasaidia sana pale programu inapokagua toleo la Windows na kukataa. Lakini haiwezi kugeuza biti 16 kuwa 32, hata uchague nini.

Kama yako ni ya biti 16 kweli, bado usikubali neno la fundi. Ya DOS ijaribu kwenye DOSBox-X, programu inayoigiza DOS, ambayo tofauti na DOSBox ya kawaida iliyolenga michezo, ina njia ya kuchapisha. Ya Windows 3.1 au 95 itengenezee mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox, uweke humo Windows ya zamani ya biti 32, na uikatie intaneti, kwani XP haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu Aprili 2014.

Jamani, tusikubali kuuziwa kitu kipya kwa sababu tu mtu amekuwa mvivu wa kuangalia. Kompyuta ya zamani usiifute wala kuigawa mpaka programu imefunguka kwenye mpya, umeingiza rekodi, umezima, umewasha, na umeikuta.

Na wewe uliyeniandikia, kabla ya yote angalia kama programu yako inatumia kile kifaa kidogo cha leseni kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Hicho mara nyingi kinahitaji draiva (programu ya kukiendesha) ya biti 64 kutoka kwa waliokitengeneza, na kama haipo, anzia kwenye mashine pepe.